Meza ya Mizizi na Maji

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa ya mwezi wa Shaabani, zikiwa zimebaki siku chache niolewe. Watu walikuwa wamejaa uani kwetu Dunda, hapahapa Bagamoyo, wakiitazama meza ambayo kaka zangu wawili walikuwa wamenitengenezea. Mimi nilikuwa ndani, maana mwali haonekani ovyo, lakini nilikuwa nimelisogeza pazia kidogo, na kwa upenyo ule niliona yote. Niliwaona kaka zangu wakiwa na furaha kama watoto siku ya Idi. Na kabla chai ya wageni haijapoa, nikawaona wakiachana kwa miaka.

Ngoja nianze mbali kidogo, ili usipotee njiani.

Wazazi wetu walifariki sisi tukiwa wadogo, tukalelewa na Shangazi Zena, dada yake baba. Mkubwa wetu alikuwa Kaka Mrisho, akafuatiwa na Kaka Sefu, na mimi kitinda mimba, ndiyo maana nikaitwa Tatu. Kaka Mrisho alikuwa mhunzi. Alianza kwa kufua majembe, visu na nanga za wavuvi, kisha akaenda kufanya kazi kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, na huko akajifunza kuchomelea chuma. Aliporudi hakuwa tena mtu wa majembe peke yake. Chuma kilikuwa kinamtii. Alikuwa akikitia motoni, akakipiga na kukizungusha, mara unaona jani la mbono, mara unaona shingo ya yangeyange. Aliwahi kumfulia Shangazi kinara cha taa chenye umbo la mche wa mnazi, na majirani wakaja kukishika ili wahakikishe si mti. Wengine walimcheka. Walisema chuma ni cha kulimia, maua ya chuma yataliwa na nani? Yeye alikuwa akivuta mvukuto na kuendelea.

Kaka Sefu alikuwa mtu wa namna nyingine. Mpole, maneno machache, mikono laini kwa mwanamume. Yeye alikwenda Dar es Salaam akapata kazi kwa Mhindi mmoja fundi wa vioo, aliyekuwa akitengeneza madirisha, makabati na fremu za picha. Alirudi na kalamu yenye ncha ya almasi, ya kukatia kioo. Nilipenda sana kumtazama akifanya kazi. Anaipitisha ile kalamu mara moja tu, kinasikika kisauti kama cha mtu anayechana kanga mpya, kisha anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana chenyewe.

Basi siku moja tulikwenda mikokoni, sisi watatu, kukata boriti za kutengenezea paa la Shangazi. Wao walikata, mimi nilikuwa nikikusanya kuni. Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Kaka Sefu akasimama na panga mkononi, akitazama chini.

"Kaka, hebu tazama," alisema. "Mizizi ipo vilevile, maji yamelala juu yake, na unaona mpaka chini. Ungeweza kuifua hii?"

Kaka Mrisho alitazama kwa muda mrefu. "Mizizi naweza," alisema. "Maji siwezi."

"Maji niachie mimi."

Ndivyo ilivyoanza ile meza, mwanangu. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Kaka Mrisho aliokota chuma kila mahali: nondo, springi za lori bovu, vipande vya reli. Akakaa nacho kazini miezi. Mizizi ile hakuna miwili iliyofanana. Mingine ilijikunja kama kiwiko cha mkono, mingine ilisimama myembamba kama inavyochungulia kwenye tope maji yakitoka. Kaka Sefu naye alipata Dar es Salaam kioo kinene cha dirisha la duka lililobomolewa. Kilikuja juu ya lori, kimelazwa kwenye godoro la sufi kama mgonjwa. Akakisugua kingo kwa mchanga na maji mpaka ukipitisha kidole hukwaruzwi popote. Walipokilaza juu ya ile mizizi mara ya kwanza, jua likapiga, kivuli cha mizizi kikacheza sakafuni, na Shangazi Zena akainua pindo la kanga yake kana kwamba angelowa. Tulicheka sana siku ile. Mpaka leo nikikumbuka naona raha.

Haya, sasa turudi kwenye siku ya wageni. Walikuja wazee wa upande wa bwana harusi, wakaizunguka meza, wakagonga kioo kwa kucha, wakainama kutazama. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Nani aliyewaza jambo hili?"

Kaka Mrisho alijibu haraka. "Mimi. Huyu mdogo wangu kanisaidia kuweka kioo."

Kaka Sefu alicheka kwanza, alidhani ni mzaha. "Kaka, waambie basi tulivyokuwa mikokoni."

Labda Kaka Mrisho aliona haya kusahihishwa mbele ya wakwe. Labda zile sifa zilikuwa zimempanda kichwani, maana alikuwa amechekwa miaka mingi na sasa watu walikuwa wanamsifu. Sijui. Ninachojua ni alichosema. "Sefu, chuma ndiyo meza. Kioo ni mfuniko tu. Hata ubao ungefaa."

Kaka Sefu akaweka kikombe chini taratibu. Akageuka kutazama dirisha nililokuwa nyuma yake, akasema, "Tatu alikuwepo." Nilifungua mdomo, lakini mkono wa Shangazi Zena ulikuwa tayari begani kwangu. Mwali hapazi sauti mbele ya wakwe. Kaka Sefu alingoja, kisha akamwita rafiki yake mmoja, wakakinyanyua kioo kutoka mezani.

"Basi baki na mizizi yako," alimwambia kaka yake. "Maji nayachukua."

Hakulala tena Dunda. Alihamia Mlingotini, kwa watu wa mkewe, akakichukua na kioo chake.

Mimi niliolewa, na meza ikaletwa nyumbani kwa mume wangu ikiwa mizizi mitupu. Mume wangu, Salehe, alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Nunge, mtu mwema asiyependa makuu. Mama mkwe wangu naye alikuwa mwema, lakini siku ya kwanza aliizunguka ile meza akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa sahani tutaweka wapi?" Majirani wakaiita meza ya kulia upepo. Salehe akaniletea ubao mzuri wa mninga uliopigwa randa. Nikamwambia, "Bwana, nakushukuru, lakini nikiuweka ubao huu nitakuwa nimekubali kwamba ubao ungefaa." Akanitazama, akauegemeza ukumbini, hakuniuliza tena. Nilimpenda sana kwa lile.

Miaka ikaenda. Kaka zangu wote wawili walikuwa wakija kunitazama, lakini mmoja akisikia mwenzake yupo anapita kama asiyeijua nyumba. Sikukuu mmoja alikuja asubuhi, mwingine jioni. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, tukamfanyia akika, Kaka Sefu alinitumia mtu kuuliza, "Yule atakuwepo?" Alipoambiwa atakuwepo, hakuja. Alituma samaki. Nilikula samaki yule huku machozi yananitoka, nikamwambia mama mkwe ni pilipili.

Kisha mke wa Kaka Sefu naye akajifungua, nikaenda Mlingotini kumpa hongera. Nilishinda kule kutwa. Jioni wakati naaga, nikamwambia kaka yangu pale mlangoni, "Kaka, haya mambo yataisha lini?" Alikuwa mtu mpole, nimekwambia, lakini siku ile uso wake ulikuwa mgumu.

"Mrisho hajui kitu ila kupiga," alisema. "Hata akifa leo, sijui kama nitakwenda kumzika."

Mwanangu, wewe ni mtu wa pwani, unajua uzito wa maneno hayo. Kwetu watu wanagombana, wananuniana, wananyimana hata moto wa jikoni, lakini mazishi ni mazishi. Nilirudi na maneno yale kifuani, njia nzima yananiunguza. Nikaamua kwamba nikifika tu mjini nitakwenda moja kwa moja kwa Kaka Mrisho nimwambie. Nilijiambia atashtuka, ataogopa, ataomba radhi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Nilikuwa kijana.

Lakini kabla ya kufika kwa Kaka Mrisho unakutana na nyumba ya Shangazi, nami nisingeweza kupita bila kuamkia. Nilimkuta barazani, anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa mfiwa?"

Nikamweleza yote, na mahali ninapokwenda. Hakuinua macho kwenye ukili wake.

"Sefu kakutuma?"

"Hapana, Shangazi. Lakini ni haki Kaka Mrisho ajue."

"Baba yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Alibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka hapa mjini. Mpaka tunamzika, begani alikuwa na kovu kubwa kama kiganja. Lakini mzigo ule alitwishwa na wakubwa, hakuwa na la kusema. Wewe nani kakutwisha?"

Akaendelea kusuka, kisha akauliza, safari hii kwa upole, "Na umeshinda Mlingotini kutwa nzima. Hukuona kingine? Umerudi na sentensi moja tu?"

Ndipo nilipokumbuka. Katika chumba alicholala mzazi, nyuma ya kitanda, kioo kile kilikuwa kimesimamishwa ukutani, kimewekewa majani makavu chini, kimefunikwa kanga ya zambarau iliyochakaa. Kanga ya marehemu mama yetu. Wifi yangu alikuwa ameniambia mwenyewe: watu wamekitaka kioo hiki kwa dirisha, kakataa. Kila baada ya siku chache anakifungua, anafuta ukungu wa chumvi, anakifunga tena. Akiulizwa anakitunzia nini, anatoka nje. Nilimwambia Shangazi haya yote.

"Na hilo mbona hukulibeba?" alisema. "Zito kuliko lile?"

Nilikaa chini barazani. Maana nilimkumbuka na Kaka Mrisho pia. Kila alipokuja kwangu alisema amekuja kumwona mtoto, na alimbusu mtoto mara moja tu. Kisha alikaa karibu na meza na kitambaa na mafuta ya nazi, akisugua mzizi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hewa yetu ya bahari inakula chuma, na Salehe naye alikuwa akirudi na chumvi mpaka kwenye nyusi. Niliona hayo kila wiki, nikayaona ni mazoea tu ya mhunzi.

"Nenda kwa Mrisho," Shangazi alisema. "Mwambie ulichokiona, siyo ulichokisikia. Halafu siku nyingine mwambie na Sefu ulichokiona huku. Na usitie chumvi, tunayo ya kutosha mjini hapa."

Nilimkuta Kaka Mrisho kazini, chuma chekundu juu ya fuawe. Nikaamkia, nikasema, "Kaka, nimetoka Mlingotini. Kile kioo kipo kizima. Kaka Sefu kakifunga kanga ya mama, anakifuta mwenyewe."

Aliendelea kupiga. Kisha nyundo ikasimama. Nilikiona chuma kile kikififia, kikawa cheusi juu ya fuawe, na sikuwahi kumwona kaka yangu akiacha chuma kikampoa namna ile.

"Kanga ipi?" aliuliza.

"Ile ya zambarau."

Akanipa mgongo, akajifanya anatafuta koleo. "Nenda nyumbani," alisema, "Salehe atakuwa anakungoja."

Nikaenda. Siku nyingine Kaka Sefu alipokuja mjini nikamwambia naye. Nikamwambia juu ya mafuta ya nazi, na kwamba hakuna kutu hata chembe. Alinisikiliza akiwa ameinama.

"Na ubao hamkuweka?"

"Hatukuweka. Salehe alileta ubao. Kaka Mrisho aliukuta umeegemezwa ukumbini, akauliza wa nini. Nilipomwambia, aliubeba mwenyewe akaurudisha kwa seremala."

Alinyanyua kichwa akanitazama, kama aliyekuwa anapima kama nasema kweli. Ilikuwa kweli. Akanywa chai yake, akaaga.

Hakuna lililotokea. Masika yakaja yakapita. Nilimlalamikia Shangazi kwamba maneno yake hayakufaa kitu, akaniambia nipepete mchele niache haraka.

Basi asubuhi moja, jua limeshapanda, nikasikia watu nje wananong'ona. Nikatoka. Kaka Sefu alikuwa anakuja na wanaume watatu, wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake kitu kirefu kimefunikwa. Njia nzima kutoka Mlingotini watu walikuwa wakisimama, wengine wakijiunga kusindikiza hatua chache, wakiuliza nani amefariki. Kaka Sefu aliniambia baadaye kwamba walipomuuliza mara ya kwanza, mwili wake wote ulikuwa baridi. Alijua alichowahi kusema mlangoni kwake. Hakulitaja, na mimi sikulitaja.

"Mwite kaka," alisema.

Kaka Mrisho alikuja mbio, aproni yake ya ngozi bado kiunoni, masizi usoni. Alisimama mlangoni kama mgeni. Kaka Sefu akamwendea.

"Shikamoo, kaka."

Kaka Mrisho alijitahidi kuitikia marahaba, ikatoka nusu. Hawakukumbatiana, mwanangu, hawakuwa watu wa namna hiyo. Walishika kioo, huyu upande huu na yule upande ule, wakakilaza juu ya mizizi.

Hakikukaa. Meza ilikuwa imehamishwa, imesukumwa na watoto, mzizi mmoja ulikuwa umeinama; kioo kikachezacheza na ukingo mmoja ukazidi.

"Chuma changu kimepinda," Kaka Mrisho akasema. "Kosa ni la chuma. Usikiguse kioo, nitainyoosha mizizi."

"Ukiinyoosha sana utaiharibu, kaka. Acha nipunguze kioo."

"Kioo hakipunguzwi."

"Kinapunguzwa."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akitaka chake ndicho kirekebishwe, mpaka mama mkwe akaweka chai akasema jamani, nyote mna wazimu. Mwishowe walifanya yote mawili. Kaka Mrisho alileta moto, akaunyanyua mzizi. Kaka Sefu akapitisha kalamu yake ukingoni, akagonga. Na pale kwenye pembe, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kikavunjika, kikaanguka sakafuni.

Nilimwona Kaka Sefu amekikodolea macho. Alikuwa amekitunza miaka yote bila mkwaruzo.

"Usijali," Kaka Mrisho alisema taratibu. "Ngoja."

Akatoka na kipande cha bati la chuma. Kabla ya alasiri alirudi na jani la mkoko, dogo, lenye mishipa yake, na kikonyo kilichojikunja kwa chini. Akalibana kwenye ile pembe iliyovunjika, likakaa kana kwamba limeanguka kutoka mtini likaelea majini. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni kutazama, na mmoja akasema, "Mrisho, una akili ya ajabu."

Kaka Mrisho akafuta mikono. "Meza hii aliiwaza Sefu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Tulikwenda kukata boriti, yeye ndiye aliyeona. Mimi nilifua alichokiona. Nilisema uongo mbele ya watu, na leo nasema kweli mbele ya watu."

"Kaka, inatosha," Kaka Sefu alisema.

"Haitoshi. Lakini chai inapoa."

Tukala chakula cha mchana juu ya meza ile, wali na samaki, na watoto wakalala chini yake kutazama sahani zetu kwa chini.

Walifungua karakana moja hapa Dunda, chuma upande mmoja na vioo upande wa pili. Walitengeneza meza, makabati, vinara, na watu walikuja mpaka kutoka Dar es Salaam. Ukimsifu mmoja alikuwa anakuonyesha mwenzake. Walizeeka hivyo. Na baadaye sana, Kaka Mrisho alipofariki, aliyeshuka kaburini kumpokea alikuwa Kaka Sefu. Yale maneno ya mlangoni Kaka Mrisho hakuyasikia kamwe. Sasa wote wametangulia mbele ya haki, na Shangazi pia, na Salehe wangu, ndiyo maana naweza kukuambia.

Mwanangu, sikiliza. Ukifanya kazi na mtu, na sifa zikaja, mtaje mwenzako kabla hujaulizwa. Sifa hazipungui kwa kugawanywa. Zinachacha ukizila peke yako. Na ukishakosea mbele ya watu, usiombe radhi chumbani. Rudi palepale mbele ya watu.

Lakini wasia wangu hasa ni kwa siku utakapojikuta katikati ya wawili unaowapenda. Siku hiyo itafika, hakuna mtu isiyemfikia. Utasikia maneno makali, kwa sababu mtu mwenye jeraha huongea kwa ukali. Kabla hujayachukua jiulize nani kakutuma. Kama hakuna, yaache yafie hapohapo yalipotamkwa. Kisha tumia macho yako. Watu wanaogombana na bado wanapendana huwa hawawezi kujificha kabisa. Kuna kitu wanakifuta, kuna kitu wanakipaka mafuta. Kitafute hicho, ukifikishe kama kilivyo, halafu uwe na subira hata masika yapite.

Namwomba Mwenyezi Mungu akupe ndugu wa kushika nao kazi, na kazi ya halali ya kuwashikanisha. Akulinde na ulimi wako na wa wenzako. Aijaze nyumba yako wageni, na siku zako za mwisho zikukute umezungukwa na watu wanaokuita kwa jina zuri. Amin, mwanangu. Amin.